Wabunge wa Sudan Kusini, kabla hamjaenda mbali piteni Kakuma

Jirani yangu kwenye ploti ni mama wa Sudan Kusini, ametoka Malakal, akakaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma miaka sita ndio akaja huku Eldoret juu ya shule ya watoto. Juzi jioni alikuwa amekaa nje anachambua sukuma, simu ameiegemeza kwenye sufuria, anaangalia video ya wabunge wa kwao wakiwa ziarani nchi za watu, wamevaa suti nyeusi, wanazungushwa na wenyeji wao wanaelezwa vile nchi iliyomwaga damu inaweza kupatana tena. Ameangalia mpaka mwisho. Akazima simu, akarudi kwa sukuma, na baadaye sana, nikifikiri ashasahau, akaniuliza kwa ule Uswahili wake wa Kakuma, "Sasa hawa wanaenda kuuliza watu wa huko mbali. Mimi niko hapa. Mbona mimi hawajaniuliza?"

Sikuwa na jibu na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta.

Niseme mapema sipingi hizo safari. Nchi iliyoingia vitani usiku wa Desemba 15, 2013, ikiwa na umri wa miaka miwili na nusu tu, ambayo watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba vita vyake vilikuwa vimesababisha vifo kama 383,000, watu zaidi ya milioni mbili wakavuka mipaka kuwa wakimbizi, nchi kama hiyo ina kila sababu ya kutoka nje kuomba ushauri na msaada. Mbunge anayepanda ndege kwenda kuuliza "nyinyi mlifanyaje" kwangu ni bora mara mia kuliko yule anayekaa Juba kuhesabu bunduki za kabila lake. Kinachoniuma ni wanachoenda kuuliza na ni nani wanamuuliza.

Kigali wataelezwa gacaca. Na gacaca ni jambo kubwa kweli, mahakama za vijijini kama 12,000, kesi karibu milioni 2 mpaka zikafungwa Juni 2012, watu wamekaa kwenye nyasi, mjane anamwangalia usoni mtu aliyemuua mumewe na mtu huyo anasema mwili uko wapi. Lakini Rwanda vita vilikwisha Julai 1994 upande mmoja ukiwa umeshinda, kukawa na serikali moja yenye nguvu ya kusema tunafanya hivi na ikafanyika. Sudan Kusini hakuna aliyeshinda. Bunge la Juba lina viti 550 na hakuna hata kimoja kilichopigiwa kura, viligawanywa kwa ule mkataba wa amani wa Septemba 2018, viti 332 kwa upande wa Rais Kiir, 128 kwa upande wa Machar, makamu wake aliyegeuka mpinzani, vilivyobaki kwa makundi mengine. Yaani waheshimiwa wenyewe wameletwa bungeni na pande zilizopigana. Hilo somo la Rwanda wakilibeba vile lilivyo litawafia njiani, juu kwao Juba hakimu na mshtakiwa wanakaa benchi moja.

Afrika Kusini wataonyeshwa kazi ya Askofu Tutu na tume yake ya ukweli na maridhiano, na itawagusa, inagusa kila mtu. Ila waulize pia swali la pili. Watu zaidi ya 7,000 waliomba msamaha wa kutoshtakiwa kwa ile tume, waliopewa ni 849. Wale waliokataliwa na wale ambao hata hawakutokea ilikuwa washtakiwe, na familia zimengoja kesi hizo miaka na miaka mpaka Rais Ramaphosa akaunda tume nyingine mwaka 2025 kuchunguza kwa nini hazikuendelea. Waliotambuliwa kuwa waathirika walilipwa randi 30,000 mara moja, basi. Kuna mama huko alisimulia kifo cha mwanawe mbele ya dunia nzima na akafa kabla ya kuona mtu yeyote akisimama kizimbani. Hilo nalo ni somo, tena la wabunge hasa, maana pesa na sheria ziko kwao.

Halafu wakija Nairobi, sisi tutawaonyesha nini?

Hapa wacha niongee cha nyumbani. Januari 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, tulitoka Burnt Forest usiku, mama yangu na watoto wanne, tukalala kwenye hema pale showground ya Eldoret miezi mingi. Tuliporudi nyumba haikuwepo, ilikuwa majivu na mawe ya jikoni. Lakini mlango wetu ulikuwepo. Uko mpaka leo kwenye stoo ya jirani, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu, na upande wa ndani kuna alama baba alikuwa anazikata kwa kisu kila Krismasi kupima vile tumekua, yangu iko ya tatu kutoka chini. Mama anapita hapo kila siku ya soko. Anasalimia, anasalimiwa, wanaulizana habari za watoto, wakati mwingine mwenye stoo anamsaidia kubeba debe la viazi mpaka barabarani. Ukiuliza serikali, hao wamepatana. Mimi nimeona mama akirudi kutoka soko anakaa kitandani na kitambaa bado kichwani, hasemi kitu.

2010 walikuja vijana na fomu kuandika ushahidi wa watu. Mama aliwaambia yote, na mlango akausema, aliniambia yule kijana aliacha kuandika alipofika hapo kwenye mlango akamuuliza "kuna kingine?" Kwake yeye hicho ndicho kilikuwa kikubwa. Hakuna aliyerudi kumwambia ule ushahidi ulifika wapi.

Ulifika wapi tunajua wote. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya taarifa za watu zaidi ya 40,000, ikamkabidhi Rais Uhuru ripoti Mei 21, 2013, ikaenda bungeni. Mwaka huohuo wabunge wakabadilisha sheria ili utekelezaji ufuate vile bunge litaamua, halafu bunge halikuamua. Machi 2015 rais akaomba msamaha kwa niaba ya serikali, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathirika, watu wakapiga makofi, na huku kwetu bado tunausikia kwa redio tu huo mfuko. Waheshimiwa kutoka Juba wakikaa na wenzao wa Nairobi kwenye zile meza ndefu zenye chupa za maji, naomba mmoja wao aulize hilo tu: ile ripoti mliiweka wapi na kwa nini. Watajifunza mengi zaidi kuliko kwenye hotuba.

Na kusema kweli masomo hawajakosa. Januari 2015 viongozi wao walisaini Arusha makubaliano ya kuunganisha chama chao tawala, SPLM, CCM ikisimamia, Kikwete akiwepo, na Julai 2016 Juba ikawaka tena. Aprili 2019 Papa Francis, mzee wa miaka 82, aliwapigia magoti Vatikani akabusu miguu yao. 2024 mazungumzo mengine yakafunguliwa Nairobi yakapewa jina zuri la Kiswahili, Tumaini. Halafu Machi 2025 mapigano ya mji wa Nasir, Machar akafungiwa nyumbani, Septemba kesi ya uhaini. Mtu akibusiwa miguu na Papa na bado hajaguswa, ukumbusho wa nchi nyingine utamfanyia nini?

Na mbali kote huko wanaenda kufuata kitu ambacho wazee wao walishafanya. 1999 kule Wunlit, Baraza la Makanisa liliita wazee wa Kidinka na Kinuer, likachinjwa dume jeupe la ng'ombe linaloitwa Mabior, halafu watu wakakaa siku na siku. Kila upande ukasimama kusema uliyotendewa, upande wa pili unasikiliza mpaka mwisho. Wakaongea habari ya ng'ombe walioibwa. Wanawake na watoto waliotekwa wakasemwa kwamba warudishwe, malisho na mito ya kuvulia ikasemwa nani atapita wapi. Hapo Wunlit mlango wa mama yangu ungeandikwa. Amani ile ilishika kwa muda mpaka wakubwa wa siasa wakaichana tena, na lawama hiyo naona ni ya wakubwa, si ya wale wazee.

Ndio maana nasema Kakuma. Kambi ile ilianza 1992 na watoto wa vita vya Sudan waliotembea kwa miguu, na leo ukiunganisha na makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, jirani yake, ndani yake kuna Wanuer na Wadinka na Washilluk na Watoposa na watu wa Equatoria wanaopanga mtungi mmoja wa maji nyuma ya mwingine kwenye bomba moja, wanazozana, wanapigana wakati mwingine tena vibaya, wanasuluhishwa, wanaoana. Wanajua kuhusu kuishi na mtu aliyekuumiza kuliko profesa yeyote. Na kuna mtu huko anajua nani alifanya nini Gudele kule Juba, nani alifanya nini Bor na Bentiu na Malakal, ana majina na tarehe kichwani, anazeeka nayo. Barabara ya kutoka mpakani Nadapal inapita Lokichoggio inaingia Kakuma palepale. Waheshimiwa wanapita Turkana kwa ndege.

Bunge la Juba lilipitisha 2024 sheria ya tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji pamoja na ile ya mamlaka ya fidia, Rais Kiir akazisaini Novemba. Hilo nawapongeza kwa moyo wote. Lakini ile mahakama mseto ya kuhukumu uhalifu wa vita, iliyoandikwa tangu mkataba wa 2015, bado ni maneno ya karatasi, na hizo mbili nazo zinahitaji pesa, na najua swali litakaloulizwa nje ni "mtatusaidia na nini?" Waombe, sikatai. Ila fungu la kwanza kabisa litoke kwenye mafuta yao wenyewe, ambayo tume ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa imeandika kwa urefu vile yanavyoishia kwa wachache. Shilingi ya kwanza ya fidia ikitoka kwa mfadhili wa Ulaya, mjane wa Bentiu atajuaje kwamba serikali yake imekiri?

Wakienda Kakuma waende bila kamera nyingi. Wakae chini ya mti, si kwenye jukwaa, mbunge wa upande huu akae katikati ya watu wa upande ule. Wasianze na hotuba. Na yule wa kuandika awe mtu asiyechoka, mama akisema mlango aandike mlango, rangi yake, na aulize uko kwa nani.

Jana nimemwambia jirani nitaandika haya. Aliniuliza kama watasoma, nikasema sijui. Akaingia ndani akatoka na daftari la shule la mtoto, kurasa za nyuma zimejaa mwandiko wake, majina ya watu wa mtaa wao Malakal aliowaona kwa macho yake siku ile, wake na wasio wa kwake, 41 kwa jumla. Akanipa nihesabu tena nione kama hajaruka mtu.