Huo Mlipuko Mkuu ulitoka kwa padri

Wiki hii mu kundi letu la WhatsApp la familia kunazunguka vokali (ujumbe wa sauti) ya pasta mmoja wa hapa Bukavu, ndefu hiyo, eti Mlipuko Mkuu, ile Big Bang ya wanasayansi kwamba ulimwengu ulianza mdogo sana ukapanuka, ni uongo wa wazungu wasiomjua Mungu. Mashangazi wote "amina, amina", mimi nikijaribu kujibu naambiwa masomo yamenichanganya. Bon, nisemee hapa.

Georges Lemaître, aliyeleta wazo hilo, alikuwa padri. Padri kabisa, Mbelgiji, kola shingoni, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain. 1927 akaandika kwamba ulimwengu unapanuka, 1931 akasema ukirudi nyuma utafika kwa atomu moja ya mwanzo. Na aliyempinga sana ni nani? Fred Hoyle, mtaalamu wa nyota Mwingereza asiye na habari na kanisa, na hata hilo jina Big Bang ni yeye alilitupa redioni 1949! Sasa pasta, hapo asiyemjua Mungu ni yupi?

Halafu lile swali anapigia kelele: kabla ya huo mlipuko kulikuwa nini? Jamani. Askofu Agostino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa huko Algeria ya leo, alishalihangaikia zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kulikuwa na utani eti kabla ya kuumba Mungu alikuwa anaandaa jehanamu ya wanaochunguza mno, yeye akakataa kujibu hivyo, akakaa na swali mpaka akasema wakati wenyewe uliumbwa pamoja na vyote, kwa hiyo hakuna siku Mungu alikuwa amekaa tu anangoja. Mwanafizikia Stephen Hawking naye, ambaye hakuamini, akasema ni kama kuuliza kusini ya Ncha ya Kusini kuna nini. Askofu na asiyeamini, mlango mmoja!

Nyie wasomi pia msicheke sana. 1951 Papa Pius XII alitaka kuifanya sayansi hiyo ushahidi wa uumbaji, na Lemaître mwenyewe hakupenda.

Enfin, pasta nimpe kidogo: tunahesabu miaka bilioni 13.8 tangu huo mlipuko, ila pale mwanzo kabisa hesabu za Einstein zinakwama. Mwanafizikia Roger Penrose anasema kabla ya huu kulikuwa na ulimwengu mwingine, na mwingine tena kabla yake. Ikiwa ni hivyo, Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki wa kale aliyeshikilia kwamba ulimwengu haukuanza anarudi mchezoni, na Agostino wangu atakuwa na kazi.