Ruzuku ya mbolea: tuulize kipato au tuhesabu mifuko?

Kila msimu ukikaribia, malalamiko ni yale yale huku Mwanza, Kisesa na Misungwi. Kwa nini mwenye ekari 60 za mpunga kule Magu, anayeishi Capri Point, mtaa wa wenye nazo jijini, na kulima kwa simu, apate mbolea ya ruzuku sawa na mwenye majaruba matatu? Wengi wanataka uwekwe ukomo wa kipato: ukiupita, ujinunulie kwa bei kamili. Kwa muda mrefu nami nilikuwa upande huo.

Marekani wanao ukomo wa namna hiyo kwenye malipo ya serikali kwa wakulima. Sheria ya 2014 iliuweka kwenye dola 900,000 kwa mwaka, kwa kuchukua wastani wa miaka mitatu. Unafanya kazi kwa sababu mkulima wa kule hupeleka hesabu zake kwa watu wa kodi kila mwaka. Sisi hesabu hizo tutazitoa wapi?

Nina jirani Misungwi, mama anayelima robo tatu ya ekari. Mwaka juzi aliuza ng'ombe wanne na mpunga wote uliobaki ghalani ili binti yake aende chuo. Zile fedha zililala kwake usiku mmoja tu. Karani angepita siku hiyo na daftari, angemwandika tajiri. Yule wa Capri Point mpunga wake unauzwa na msimamizi, na pesa inapita kwenye simu ya shemeji. Daftarini hana kitu.

Wanaopinga ukomo wowote wana hoja nzito: mfuko ukifika shambani unazaa, awe nani mwenye shamba, na mchele ukiwa mwingi mlaji wa mjini anapata nafuu. Ni kweli. Lakini mwenye ekari 60 angenunua mbolea hata bila ruzuku. Jirani yangu asingenunua kabisa. Kwa mkubwa, shilingi ya serikali inabadilisha faida yake. Kwa mama huyu inabadilisha mavuno.

Kuchuja watu tumewahi kujaribu. Vocha za ruzuku ya pembejeo zilizoanza 2008 zililenga kaya zisizozidi hekta moja ya mahindi au mpunga, zenye uwezo wa kulipia nusu ya bei. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro ulikuta takriban asilimia 60 ya vocha zimeishia kwa viongozi wa vijiji. Na kaya maskini kabisa, ile nusu yenyewe iliwashinda. Mpango uliozinduliwa Agosti 2022 ukafungua mlango kwa kila mkulima aliyejisajili, na ndipo wa simu nao wakaingia.

Mimi ningeacha kuuliza kipato. Kila mkulima apate ruzuku ya ekari tano za kwanza, awe nani. Ya sita na kuendelea alipe bei ya soko. Hapo jirani yangu hahitaji kuthibitisha umaskini wake mbele ya mtu yeyote.

Najua mkubwa atagawa shamba kwa majina ya wake, watoto na vibarua. Kompyuta haitamgundua. Kwa hiyo orodha ya waliosajiliwa na ekari zao ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, isomwe kwenye mkutano mkuu kabla mfuko wa kwanza haujatoka kwa wakala. Kijijini kila mtu anajua jaruba lile ni la nani.