Toleo Dogo kwa Nani?

Duka la dawa la mama mmoja pale Mwananyamala lilifunguliwa saa mbili asubuhi kama kawaida, na kufika saa nne kompyuta ya kaunta ilikuwa inasema vidonge vya paracetamol vilivyobaki ni hasi mia na kitu. Hasi, wakati maboksi yamejaa rafuni. Mama akanipigia simu kwa sababu mimi ndiye niliyemfungia kompyuta ile. Programu yenyewe si yangu, aliinunua kwa watengenezaji wengine wa hapa hapa mjini.

Nilipofika nikakuta programu imejisasisha yenyewe usiku, kutoka 3.4.1 kwenda 3.4.2. Kisanduku kilichoandikwa "Idadi" kilikuwa kikihesabu kidonge kimoja kimoja. Baada ya sasisho kilihesabu karatasi nzima ya vidonge kumi. Jina la kisanduku ni lile lile, mahali pake ni pale pale, rangi haijabadilika. Dada wa kaunta akawa anaandika 10 kama alivyozoea, mteja anapewa vidonge kumi, kompyuta inaondoa mia moja stoo. Bei alikuwa anazitaja kwa kichwa, kwa hiyo hakuna mteja aliyetozwa zaidi. Lakini hesabu za dawa zote za vidonge zilivurugika, na ilibidi tushushe maboksi na kuhesabu upya hadi jioni.

Watengenezaji walipoulizwa walijibu kwa adabu kabisa: kuhesabu kwa kidonge lilikuwa kosa tangu mwanzo, maduka ya jumla yamelalamika muda mrefu, tumelirekebisha, na marekebisho ya kosa hupandisha namba ya mwisho tu. Nimeyafikiria maneno yao mara nyingi tangu siku ile. Hawakudanganya. Kwa kipimo chao lile lilikuwa badiliko dogo, mistari michache ya msimbo, yaani maagizo yanayoiunda programu. Kwa dada wa kaunta hakuna badiliko kubwa kuliko lile tangu programu ifungwe.

Tuanze na kanuni wanayoifuata ya kuyapa matoleo ya programu namba. Kwa watu wa kazi hii inajulikana kama SemVer. Aliyeiandika ni Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huweka msimbo wao, na toleo lake la 2.0.0 ni la mwaka 2013. Namba ya kwanza inapanda pale kitu kilichokuwa kinafanya kazi kitakapovunjika kwa anayekitegemea. Ya pili inapanda pale kinapoongezwa kitu kipya bila kugusa cha zamani. Ya tatu ni ya kiraka: kosa limezibwa, basi. Nukta zake si za desimali, kwa hiyo 3.10 inakuja baada ya 3.9. Hili limewahi kuwachanganya hata wataalamu: Python ni lugha ya kuandikia programu, na 3.10 yake ilipotoka Oktoba 2021, kuna mafaili ya mipangilio yaliyoisoma kama namba ya kawaida, sifuri ikadondoka, mashine zikaenda kutafuta Python 3.1.

Wachapaji wa vitabu walikuwa na utaratibu kama huu zamani, na Kiswahili kiliupa maneno mawili mazuri: chapa na toleo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoka mwaka 1981, ikachapwa tena na tena, ila toleo la pili likaja 2004. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wafungue ukurasa fulani, anajua chapa yoyote ya toleo lile itawafikisha kwenye neno lile lile. Toleo likibadilika, kurasa zimehama, na mwenye kitabu cha kaka yake atajikuta penginepo. Herufi iliyokosewa ikirekebishwa, ni chapa. Maneno yakiongezwa na kurasa zikasogea, ni toleo. Aliyeweka tofauti hiyo alimfikiria mtu aliyeshika kitabu.

Sasa upande wa pili, ambao una hoja nzito kuliko wengi wetu tunavyokubali. Wasioitaka SemVer wanasema namba haiwezi kubeba maana yote hiyo, basi isibebeshwe. Iwe tarehe, au ipande tu. Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta, wamefanya hivyo tangu 4.10, yaani Oktoba 2004, na 24.04 ni Aprili 2024. Ukiiona tu unajua umri wake, na umri ni habari yenye faida. Apple nao mwaka 2025 waliruka kutoka iOS 18 kwenda iOS 26 ili namba ifuate mwaka. Hata WhatsApp ya simu yako ya Android: ingia kwenye mipangilio, kisha msaada, utakuta namba inayoanza na 2, halafu tarakimu mbili za mwaka. Ile 2 ya mbele imekaa pale miaka mingi na hakuna anayeiuliza chochote.

Mfano wao mkubwa ni Linux, mfumo ambao hata Ubuntu imejengwa juu yake. Kiini chake, sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, kilikaa kwenye 2.6 kuanzia Desemba 2003 hadi 2.6.39 mwaka 2011, kisha Linus Torvalds, aliyekianzisha, akakipandisha kuwa 3.0. Ndani hapakuwa na mapinduzi yoyote. Namba zilikuwa zimerefuka mno, na Linux ilikuwa inatimiza miaka 20. Tangu hapo namba ya pili ikikaribia 20, ya kwanza inasogea: 4.0 mwaka 2015, 5.0 mwaka 2019, 6.0 mwaka 2022. Namba ya mbele haikuambii kitu kuhusu kuvunjika. Na bado watu wanaiamini Linux, kwa sababu Torvalds ana sheria moja anayoisimamia kwa ukali: badiliko la kiini lisivunje programu za watumiaji, hata kama programu hizo zilitegemea kosa. Ahadi imewekwa kwenye tabia ya kazi, haikuwekwa kwenye tarakimu. Ukiweza kuishi hivyo, kweli namba inabaki ya kuhesabia tu.

Wanaongeza hoja nyingine ambayo naiona ya kweli: kuipandisha namba ya kwanza kunaweza kuvunja vitu kwenyewe. Watengenezaji wa kivinjari cha Opera walipofika toleo la 10, kulikuwa na tovuti zilizosoma tarakimu ya kwanza tu, zikaona 1, zikamfukuza mtumiaji kama mwenye kivinjari cha kale. Ikabidi Opera ijitambulishe kama 9.80 na kuificha 10 pembeni. Windows 7 ndani yake ni 6.1, na sababu waliyoitoa Microsoft ni programu zilizokuwa zikikagua namba kubwa na kukataa kufunguka zikiona ngeni. Jina la dukani likawa moja, namba ya ndani ikawa nyingine.

Kisha kuna ile kanuni inayoitwa kwa jina la Hyrum Wright, mhandisi aliyeiona akiwa kazini Google: ukishakuwa na watumiaji wengi, kila tabia inayoonekana ya mfumo wako itapata mtu wa kuitegemea, hata ile ambayo hukuwahi kuiahidi. Ukiichukua kanuni hiyo jinsi ilivyo, hakuna kiraka kisichovunja. Kila sasisho lingekuwa toleo kubwa, tungefika 300.0.0 kabla ya mwaka kwisha, na namba isingetusaidia.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Kwamba mpaka hauonekani vizuri, haina maana mpaka haupo. Mfanyabiashara wa Kariakoo hana mizani ya kupima mteja mkubwa na mdogo, lakini anawajua. Ninachokiona kinakosekana katika mjadala huu ni kutofautisha kuvunjika kwa kelele na kuvunjika kwa kimya. Kitufe kikiondolewa, dada wa kaunta atashtuka, atauliza, atapiga simu. Kazi itasimama nusu saa, basi. Kisanduku kikibaki na jina lile lile huku kinahesabu kitu kingine, hakuna atakayeuliza, kwa sababu hakuna kinachoonekana kubadilika. Kwangu mimi badiliko la namna hii ndilo kubwa kuliko yote, hata likiwa la mstari mmoja wa msimbo. Kipimo changu ni hiki: je, mtu akifanya leo kile kile alichofanya jana, kwa mkono ule ule, atapata jibu jingine bila kuonywa? Kama ndiyo, namba ya kwanza ipande, na msimbo ulioguswa uwe mwingi au mchache haihusiki.

Kuna kitu nilikigundua mchana ule Mwananyamala wakati tunahesabu. Kwenye mipangilio ya programu ile kulikuwa na mistari miwili: "Masasisho madogo: jisasishe yenyewe. Toleo jipya: uliza kwanza." Mama alikuwa ameikubali siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyemshauri aikubali. Yaani namba ndiyo iliyofungua mlango. Programu iliona 3.4 imebaki 3.4, ikajihesabu salama, ikaingia usiku bila kubisha hodi. Wanaotumia npm, chombo cha kushushia maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, wanalijua jambo hili kwa alama moja: ukiandika kikofia (^) kabla ya namba ya maktaba, umeiruhusu mashine ichukue chochote kipya mradi namba ya kwanza haijasogea. Kwa hiyo anayesema namba ni pambo asiisahau mashine inayoisoma namba hiyo saa nane za usiku na kuamua kwa niaba ya mtu aliyelala.

Najua pia kwa nini watengenezaji wanaogopa kuipandisha. Mteja akiona 4.0.0 anasita. "Ngoja tuone wenzetu kwanza." Anasubiri 4.0.1, anauliza kama itamlazimu kununua kompyuta mpya. Hofu hiyo inawafanya watu wapitishe mabadiliko makubwa kwa mlango mdogo. Fedha nazo zinavuta upande wa pili: mikataba mingi ya programu hutoa masasisho madogo bure na kutoza toleo jipya, hivyo muuzaji mwenye haraka ya malipo anaweza kubadilisha rangi tu akaiita 5.0. Pale Mtaa wa Aggrey, swali la mnunuzi wa simu ni "Android ngapi?", na muuzaji anajibu haraka maana anajua tarakimu kubwa inauza. Sioni ubaya wa biashara kuwa na namba yake ya kutangazia. Ubaya ni namba hiyo kuwa ndiyo ile ile inayoamua mashine ijisasishe au iulize. Android yenyewe iliyatenganisha haya tangu mapema: kila programu ina jina la toleo linaloonekana kwa mtumiaji, na namba nyingine ya ndani inayopanda tu, ambayo mfumo unaitumia kujua lipi ni jipya.

Mfano wa namba iliyosema ukweli ni Python 3.0 ya Desemba 2008. Walitangaza wazi kwamba wanavunja vya zamani, na waliumia: Python 2 ikaendelea kutunzwa hadi Januari 1, 2020. Miaka 11 ni mirefu, na wapo wanaosema kosa lilikuwa kuvunja mengi kwa mpigo. Labda. Lakini hakuna aliyelala na 2.7 akaamka na 3.0 bila kujua. Kila mmoja alihama kwa wakati wake.

Kwa hiyo sikubali kanuni moja kwa wote. Programu ya simu ambayo mtumiaji hachagui toleo, inakuja tu, mwaka na mwezi vinamtosha, na maelezo ya kilichobadilika yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, maana kwa anayenunua bando la siku ni haki ajue anachoshusha. Maktaba na viunganishi vya malipo ambavyo wengine wamejenga programu zao juu yake, hapo SemVer ifuatwe kwa ukali bila huruma. Wengi wanaweka programu za dukani, zahanati na vibandani kwenye kundi la kwanza kwa sababu zina skrini na vitufe. Mimi naziweka kundi la pili. Dada wa kaunta amejenga juu ya programu ile kama mhandisi anavyojenga juu ya maktaba. Alichojenga hakimo kwenye faili lolote, kimo kwenye vidole vyake, na hakuna jaribio la kompyuta litakaloonyesha kwamba kimevunjika.

Jioni ile, tukiwa tumebakiza rafu ya antibayotiki, mama aliniambia, "Mwanangu, zima hayo masasisho yote. Sitaki tena kitu kiingie humu bila mimi kujua." Nilijaribu kumweleza kuhusu viraka vya usalama, kwamba kuna vinavyoziba matundu ya wezi na haifai kuvisubirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tena, zima. Nikazima. Tangu hapo kila kiraka kinanisubiri mimi nipande daladala kwenda Mwananyamala, nisome maelezo yake mstari kwa mstari, ndipo nikiruhusu. Vingine vimekaa wiki tatu.

Kama sasisho lile lingeitwa 4.0.0, programu ingeuliza kwanza. Mama angebonyeza "baadaye", angesubiri Jumapili mchana duka likiwa limefungwa, dada angekuja na daftari lake, na tungemwonyesha kisanduku cha "Idadi" kabla hajamuuzia mtu yeyote kidonge.