Tangazo Lililofika Saa Nne Asubuhi

Usiku mmoja, nikiwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, umeme ulikatika hosteli na harufu ya waya ulioungua ikapanda hadi ghorofa ya tatu tulikolala. Kabla hatujajua kinachoungua, grupu la darasa la WhatsApp lilikuwa limeshaleta habari tatu: moto, majambazi, na mwanafunzi aliyepigwa shoti. Tulishuka pekupeku, wengine wamekumbatia laptopu, na mlinzi wa getini akatuuliza sisi kulikoni. Tangazo la uongozi lilibandikwa ubaoni kesho yake saa nne asubuhi, likiwa na muhuri, likitutaka tupuuze taarifa za mitandaoni, ilhali usiku kucha hatukuwa na nyingine.

Ilikuwa swichi tu. Lakini Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wakadhani wamevamiwa, na katika kukimbia na kuruka madirishani mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa.

Viongozi wengi husita kutoa taarifa mpaka waithibitishe yote. Ndivyo ilivyokuwa Virginia Tech, Marekani, mwaka 2007: wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini yapata saa 1:15 asubuhi, barua pepe ya kwanza ya tahadhari ikatumwa saa 3:26, na dakika chache baadaye muuaji akaanza kuua wengine 30 madarasani.

Kwa maoni yangu, ujumbe wa kwanza uende hata ukiwa pungufu, tena kwa SMS, kwa sababu saa sita usiku si kila mwanafunzi ana bando. Namba zetu wanazo. Ukumbusho wa ada haujawahi kupotea njiani. Useme kuna moshi ngazi ya mashariki, shukeni kwa ngazi ya magharibi, kusanyikeni uwanja wa mpira, taarifa nyingine itatoka saa saba kasoro robo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Saa saba kasoro robo ikifika na hakuna jipya, ujumbe utumwe vilevile, useme hakuna jipya.