Kurudishiwa kuna tarehe?

Katika makanisa ya Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, hasa yale ya uamsho, mahubiri ya kurudishiwa ndiyo yanayojaza viti. Nabii Yoeli alisema Mungu atawalipa watu wake miaka iliyoliwa na nzige, na hapa nani hana miaka iliyoliwa? Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano Nyiragongo ilipita uwanja wa ndege na mtaa wa Birere hadi ziwani, ikaunguza hata kanisa kuu la Wakatoliki. Mei 2021 mlima ukatema tena, mtaa wa Buhene ukafunikwa. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zikafungwa, na muda si mrefu kambi za wakimbizi pembeni mwa mji zikavunjwa.

Wapo wanaochoshwa na mahubiri hayo. Mama aliyepoteza mtaji wote wa kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anaambiwa apande mbegu, yaani sadaka, ya dola kumi, na mwaka hautakwisha kabla hajaona. Mwaka ukiisha mikono mitupu, kosa linakuwa lake: imani haba. Hapo amepoteza mara mbili, na mara ya pili ni kanisani. Katika hilo nasimama na walalamikaji bila kusita.

Lakini wanapoongeza kwamba imani inawalaza watu, nawaacha hapo. Mwaka 2002 watu waliokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, walianza kurudi baada ya siku chache tu, lava bado ya moto. Juu ya jiwe hilo huchimbi msingi, hata shimo la choo ni vita. Basi unavunja lava kwa nyundo, unapanga mawe yawe sawa, unasimamisha nyumba ya mbao juu yake. Mbao zenyewe zimeletwa na chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, kijana akisukuma huku gurudumu likiruka kwenye mawe. Wengi wa waliopiga misumari ile walikuwa watu wa kusali. Asiyetarajia kitu harudi kujenga chini ya mlima uleule.

Ugomvi wangu, basi, ni na tarehe. Yeremia sura ya 28 ina nabii Hanania, aliyewaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kilichopelekwa Babeli kitarudi. Bila shaka alipendwa. Yeremia akasema sabini, na akawaandikia waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Ile ahadi ya mawazo ya amani, sura ya 29 mstari wa 11, inafuata mara tu baada ya hiyo miaka sabini. Kalenda yenye mstari wa 10, ule wa miaka sabini, sijaiona bado.

Ayubu naye anahubiriwa nusu. Tunasikia alirudishiwa maradufu; hatusikii sana 42:11, ambapo ndugu na watu waliomjua walikuja wakala naye, kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Hiyo ni likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, isipokuwa safari hii zamu zote ni za mtu mmoja. Upande wa pili una jibu zito hapa: likelemba inafanya kazi pale aliyeanguka ni mmoja. Benki zikifungwa kwa wote na ndugu naye akiwa amekimbia, nani atampa nani pete? Kuwaachia majirani maskini kazi yote ya Mungu ni kuwapumzisha wenye mamlaka na silaha, na makanisa yetu hayalisemi hilo kwa sauti.

Tena kondoo na ngamia wa Ayubu waliongezwa mara mbili, lakini watoto walizaliwa kumi, idadi ileile ya waliokufa, na hakuna mstari unaosema wa kwanza walirudi. Mama aliyezika mtoto hahitaji kufafanuliwa hilo. Mchungaji akimwombea afarijike, sawa. Akimtajia Desemba, aulizwe sadaka ya mwezi uliopita imenunua mabati mangapi, na ya nani.