Jamani, hiyo njia ya mtoni si ya kuoshea pikipiki

Hapa Sagana, pa kushushia boti kwenye mto ni kijiteremko cha udongo tu; matatu mbili haziwezi kupishana hapo. Ndicho hicho hicho cha kayaki, cha mitumbwi na cha yale maboti ya mpira ya wageni kutoka Nairobi. Basi Jumamosi unafika na kayaki begani, unamkuta kijana wa boda amezamisha gurudumu la nyuma majini, povu la sabuni limetanda mpaka kwenye matete. Ukimwambia, "Bosi, tupishe kidogo," anakujibu, "Ngoja nisuuze, dakika moja." Dakika ya mwosha pikipiki hiyo!

Huyo angalau ana kazi. Wanaonichosha zaidi ni wenzetu wa makasia. Boti linajazwa upepo pale pale katikati ya njia, pampu ya mguu inalia fyuu fyuu, kofia na majaketi yametapakaa, halafu kundi zima linajipanga kupiga picha kabla hata halijalowa. Na pembeni pana nyasi tele! Jaza upepo huko, funga kamba zako huko, piga picha mpaka simu izime. Ukiwa tayari ndipo ushuke, uingie majini, uondoke.

Masika ndiyo balaa. Maji ya kutoka Mlima Kenya na Aberdare yakipanda, anayetoka mtoni hana pa kutia pua ya kayaki. Anapigana na mkondo, na mtu wa nchi kavu anamwambia asogee kidogo, anaharibu picha.