Mwema ni asiyetamani au anayeishinda tamaa?

Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo konda alichanganya chenji za watu wawili. Bibi mmoja siti ya mbele alizidishiwa mia tano akairudisha palepale, "mwanangu hii umezidisha", wala stori yake na jirani haikukatika. Mwingine kijana, amevaa yunifomu ya ulinzi imepauka, alitoa elfu tano akarudishiwa chenji ya elfu kumi. Mi nimesimama pembeni yake naona kila kitu, ile noti akaikunja, akaikunjua, akaitia mfukoni, toka Banana mpaka tunakaribia Tazara ndo akamgusa konda akampa. Jasho linamtoka.

Sasa nani mwema zaidi hapo?

Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, angemchagua bibi. Kwake wema ni tabia inayojengwa kwa kurudia, kama fundi anavyojua kujenga kwa kujenga, na ukishakomaa unatenda mema na moyo unaridhika. Anayetamani ubaya akajizuia anamsifu, ila anamweka ngazi moja chini. Ubaya nao unajengwa hivyohivyo, na hapo hata wahenga wetu wanamuunga mkono, mchovya asali hachovyi mara moja.

Mwanafalsafa Mjerumani, Kant, anaangalia kwingine. Kwenye kitabu chake cha 1785 kuna mfano wa mwenye duka asiyempunja hata mtoto, bei moja kwa wote, lakini anafanya hivyo kwa faida ya biashara yake, na Kant anasema hiyo bado haina thamani ya kimaadili. Thamani inaonekana pale unapotenda kwa kuwa ni wajibu, hata kama moyo unakuvuta kwingine. Mwaka 1797 akauelezea wema kuwa ni nguvu ya utashi katika kutimiza wajibu. Kwa hesabu hiyo kijana wetu ndo kaonyesha nguvu yake waziwazi.

Kinachonisumbua kwa Kant ni ubaridi. Mgonjwa kalazwa, akijua umeenda kumwona kwa wajibu tu, hata ile juisi uliyobeba haimshuki. Hakusema kupenda ni kosa, lakini upendo wenyewe kautoa kwenye mizani, na mi hapo siwezi kumfuata.

Ila na Aristotle tusimpe vyote. Mia tano sio elfu tano jamani, na bibi hatujui njaa yake ya siku ile. Aristotle mwenyewe alikubali kwamba maisha mema yanahitaji uwezo kidogo, huwezi kuwa mkarimu huna kitu, kwa hiyo kumpima mlinzi ambaye pengine mshahara umechelewa kwa kuangalia tu moyo wake umetulia kiasi gani naona ni kumwonea. Tena kwa nadharia yake mwenyewe, hata huyo bibi alianza na noti kama ile, akaikunja, akaikunjua, akairudisha, labda miaka 40 iliyopita.

Konda alipopokea alisema "asante braza". Kijana hakujibu, aligeukia dirishani, na tulipofika Buguruni mkono wake ulikuwa bado umeshika mfuko.